Pilau ya oda haina sahani ya jirani

Idi ndogo iliyopita nilimpigia mama simu ya video kutoka Coventry, Uingereza, akanigeuzia kamera nione chakula. Mezani vimepangwa vibakuli vya foili kumi na viwili, kila kimoja na kifuniko chake, kachumbari imefungwa pembeni kwenye kifuko. Kijana wa bodaboda alikuwa ameshaondoka. Nikauliza, "Na lile sufuria kubwa liko wapi?" Akacheka. "Liko stoo, tumetilia mkaa."

Sisi ni watu wa Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nilipokuwa mdogo, usiku wa kuamkia sikukuu saa tisa mafiga yameshawashwa uani, vitunguu vinakaangwa, harufu ya bizari inatufuata hadi kitandani. Pilau ikikaribia kukauka, bibi aliyatoa makaa chini akayapalia juu ya mfuniko, na ole wako ufunue. Kabla hatujagusa tonge, sahani zilianza kutoka: hii ya fundi cherehani, hii ya mzee Mpemba anayeishi peke yake, hii ya mama mwenye kibanda cha mihogo, ambaye hata si Mwislamu. Zinafunikwa kawa, wabebaji ni sisi watoto. Na sahani hairudi tupu. Itarudi na vitumbua, au kaimati, au tambi za sukari.

Wenzangu wa ughaibuni wanailaumu simu: watu wanainamia vioo, hawaongei. Mimi naona tunajisahau. Nilipoondoka mwaka 2005, ukitaka kutuma hela nyumbani unamtafuta anayesafiri, au mama anakwenda kupanga foleni mjini. M-Pesa ikaanza Kenya 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, na leo natuma nikiwa nimejilaza, mama anapokea kabla sijaiweka simu chini. Hela hiyo ndiyo iliyolipia vile vibakuli. Nimelipa mimi, na mimi huyohuyo nauliza sufuria.

Mama alinijibu ipasavyo: "Kwani wewe ulipuliza moto lini?" Kweli. Mimi nilikuwa naamka pilau imeshaiva. Mgongo ni wake, macho yaliyokuwa yakitoka machozi kwa moshi ni yake na ya dada zangu, ambao sasa wote wana kazi, na mmoja anafika kutoka Dar usiku wa sikukuu kabisa. Serikali nayo inataka kuni na mkaa tuachane navyo: mkakati uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Simrudishi mtu wa miaka sabini mafigani ili mimi nipate kumbukumbu zangu.

Kinachoniuma ni hesabu. Sufuria halikuhesabu watu. Atakayetokea atakula, na ukoko utagombaniwa. Oda inauliza: sahani ngapi? Ukisema kumi na mbili, ni kumi na mbili, na kila moja ina bei yake. Mchele na nyama vilivyopanda hivi, nani ataagiza sahani ya mtu asiye na jina?

Kioja ni kwamba sisi wa huku ndio bado tunapika. Idi si sikukuu ya taifa Uingereza, unaomba likizo kazini, na misikiti ikitofautiana kuhusu mwezi unaweza kujikuta umeomba siku siyo. Ila mke wangu hujaza sufuria, tukapakia gari, tukawapelekea Waswahili wenzetu Leicester. Wala si kwa wema: mtaani kwetu hakuna wa kutuuzia pilau yenye ladha ile. Tunaimalizia kwenye oveni, na king'ora cha moshi hulia kila mwaka zamu ya vitunguu ikifika.

Idi kubwa ilipokuja nikamwongezea mama hela ya sahani sita za majirani. Akaagiza, akazigawa. Lakini foili ikishaliwa inatupwa, haina safari ya kurudi. Jioni akanipigia, sauti ina wasiwasi.

"Mwanangu, mama wa nyumba ya pili kanitumia elfu tano kwenye simu, eti ahsante ya pilau. Sasa mimi namrudishia nini?"