Tovuti ilidhani mama fundi ni kijana mpenda mpira

Mwaka jana nilipewa kazi ya wiki sita na duka moja la mtandaoni hapa Nairobi, jina nalihifadhi, nipime tovuti yao mpya. Upya wake ulikuwa huu: ilikuwa inajibadilisha. Mteja akiingia mara kadhaa inamsoma anatafuta nini, kisha inampangia ukurasa wa mbele upya, inasogeza menyu, inaficha vile inavyodhani havihitaji. Jibu walikuwa nalo tayari. Nusu ya wateja walikuwa wameachiwa tovuti ya zamani, nusu wakapewa hii inayojibadilisha, na hao wa pili walibofya zaidi na kukaa zaidi. Kazi yangu, nilikuja kuelewa baadaye, ilikuwa kugonga muhuri.

Siku ya tatu nikapanda ngazi za jengo moja River Road, orofa ya pili, kwa mama fundi wa cherehani ambaye huagiza zipu, nyuzi na bitana kupitia tovuti hiyo. Njia yangu ni ya kizamani. Nakaa kando, namwomba mtu afanye kile anachofanya kila siku huku akisema kwa sauti anachowaza, nami nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mama akashika simu. "Zipu huwa hapa juu," akasema, kidole kikielea. Hazikuwapo. Akagusa viatu vya mpira bila kukusudia, akarudi nyuma. Akafungua menyu, akaifunga. Akaingia kwenye vitu alivyopendekezewa, akakuta jezi, soksi za jezi, na spika ya kuning'iniza begani. "Kijana wangu, hawa watu wamehamisha tena." Nilikuwa nahesabu kwa vijiti kwenye daftari: mibofyo 19, dakika nne na ushei, ndipo zipu zikaonekana.

Sasa rudi kwenye ripoti ya wenye tovuti. Mibofyo 19, dakika nne. Humo ndani huyu mama ni ushindi.

Sina ugomvi na kugawa watu mafungu mawili na kuyalinganisha. Kwa jambo dogo kama rangi ya kitufe, inatosha kabisa. Lakini inatoa jibu moja la jumla kwa kitu chenye sehemu mbili ndani yake, na kila sehemu inaweza kuharibika kivyake.

Mama mboga wa getini kwetu anajua nikipita saa moja jioni nataka sukuma ya shilingi ishirini iliyokatwa nyembamba, na nyanya mbili. Hangoji niseme. Juzi nilipita pale na watoto watatu wa dada yangu waliokuja likizo kutoka Kitale, wakalala siku moja wakaenda zao Machakos. Kesho yake nikakuta nimekatiwa sukuma ya watu watano. Alikosea wapi? Kisu hakikuwa na kosa. Alikosea kunisoma, akadhani nyumba imejaa. Na kuna siku anaweza kunisoma sawasawa, akajua niko peke yangu, halafu akanikatia majani mapana utadhani ni ya ng'ombe. Makosa mawili, na la kwanza halitibiwi kwa dawa ya la pili. Ukipima kwa kuuliza tu kama mteja alinunua, utaambiwa ndiyo siku zote mbili, maana nilinunua. Ningefanyaje, ndiye aliye karibu.

Watafiti wa mambo haya walishalisema. Mwaka 2001 Peter Brusilovsky na wenzake walipendekeza kupima tabaka kwa tabaka: kwanza, je, mfumo umemwelewa mtumiaji, kisha, kando kabisa, je, uamuzi uliotokana na kuelewa huko ulimfaa? Mwaka 2010 Alexandros Paramythis, Stephan Weibelzahl na Judith Masthoff wakayachambua matabaka yenyewe kwa kina, kuanzia kukusanya data, kuifasiri, kumjengea mtumiaji picha yake, kuamua kibadilishwe nini, mpaka kukibadilisha mbele ya macho yake. Kwa mtu wa kazi za vibarua kama mimi uzuri wake ni kwamba kila tabaka lina zana yake, na nyingi hazihitaji hela.

Tabaka la kuamua, kwa mfano, unaweza kulipima hata kabla programu haijaandikwa. Mwambie mtu: wewe leo ndiye tovuti. Mpe habari za mteja wa kubuni, ananunua nini, mara ngapi, simu yake ikoje, kisha mwache apange ukurasa kwa vikaratasi juu ya meza. Nilifanya hivyo na wauza vitambaa wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Wote waliziweka zipu juu kushoto. Nilipowaambia mteja huyu sasa ametazama viatu mara tatu, mmoja akaongeza kikaratasi cha viatu chini kabisa, na mwingine akaniuliza, "Ametazama au amenunua?" Hakuna aliyezigusa zipu. Katika mikutano yote niliyokaa na wahandisi wa lile duka, swali la yule wa pili halikuwahi kuulizwa.

Na jambo la kuhamisha vitu si geni hata kidogo. Mwaka 1985 Saul Greenberg na Ian Witten walijaribu orodha ya simu inayojipanga kulingana na namba unazozipiga mara kwa mara, wakaona inamsaidia mtumiaji. Mwaka 1989 Jeffrey Mitchell na Ben Shneiderman wakajaribu menyu zinazojipanga upya kwa mtindo unaofanana na huo, na zile zisizobadilika zikawa za haraka zaidi mwanzoni, na watu wengi wakazipendelea. Nani mkweli? Wote, nadhani. Orodha ndefu ya majina ni mzigo hata ikitulia, kwa hiyo ukiisogeza umesaidia. Menyu fupi mkono unaikumbuka wenyewe, ukiisogeza umeiba. Ndiyo sababu simwamini mtu anayeniambia "kubadilika kunasaidia" au "hakusaidii" bila kuniambia ni nini hasa kilihama.

Wa rika langu mnaikumbuka Office 2000, programu za kuandikia na kuhesabia za Microsoft, ile ya menyu zilizokuwa zinaficha maagizo ambayo huyatumii sana. Sisi tuliikutia saiba, pale mjini, tukilipa kwa dakika. Nilikuwa naandika barua ya kuomba kazi, natafuta mahali pa kuingiza jedwali, halipo. Menyu ilikuwa imeshajifunza tabia za mtu aliyekaa kwenye kiti kile kabla yangu, na wa kabla yake, mchanganyiko wa nusu ya Nairobi. Dakika zinaenda, mwenye saiba anatazama saa. Toleo la 2007 liliachana na mtindo huo. Huko ilikobuniwa huenda kila mtu alikuwa na kompyuta yake mezani, na walioipima walikuwa watu wa namna hiyo. Hapa kwetu kilichosomwa kilikuwa kiti.

Mtego mwingine ni wa kulinganisha. Kristina Höök, mtafiti wa Sweden, alionya miaka mingi iliyopita kwamba kuzima sehemu inayojibadilisha na kuita kinachobaki "toleo la kawaida" si haki, kwa sababu kinachobaki kinaweza kuwa kitu kilichokatwa mguu. Hilo nililiona kwa macho. Ile "tovuti ya zamani" waliyoachiwa nusu ya wateja haikuwa imeguswa kwa miezi. Sehemu ya kutafuta ilikuwa inarudisha ukurasa mtupu ukiandika "nyuzi" kwa Kiswahili. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, lakini angalau ngozi iwe moja.

Kisha kuna muda. Tovuti ya namna hii haimjui mtu siku ya kwanza. Inamjua baada ya siku kadhaa, na inaweza kumsahau au kumchanganya baadaye. Kumketisha mtu saa moja ofisini ni kupima tovuti kabla haijaanza kazi. Na kwa kuwa kila mtu anaona ukurasa wake, malalamiko yanageuka ugomvi. Mteja anasema kitufe hakipo, mhandisi anafungua kwake na kujibu, "Mbona mimi nakiona?" Nilichofanya ni kuwaomba watu wanane wanipigie picha ya skrini kila wanapofungua tovuti, kwa wiki mbili, wanitumie kwa WhatsApp pamoja na neno moja la jinsi wanavyojisikia. Bando niliwalipia. Ukizipanga picha za mtu mmoja kwa tarehe unaona tovuti ikimhama taratibu, na unaona siku hasa maneno yanapogeuka kutoka "sawa" kuwa "aah". Hakuna chati iliyonifundisha kama zile picha.

Kubahatisha vizuri nako kusitulevye. Netflix mwaka 2006 ilitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 usahihi wa mfumo wao wa kukisia watu watazipa filamu alama ngapi. Ilipatikana mwaka 2009. Mkusanyiko mzima wa mbinu zilizoshinda hawakuutumia. Walisema nyongeza ya usahihi haikulipa kazi ya kuuingiza kwenye huduma.

Kwa hiyo wiki ya nne nikarudi River Road na karatasi moja. Nilikuwa nimewabembeleza wahandisi wanitolee kile ambacho mfumo unaamini juu ya akaunti ya yule mama, kwa ruhusa yake ya maandishi. Wazo si langu. Judy Kay wa Chuo Kikuu cha Sydney ametetea kwa miaka mingi kwamba picha ambayo mashine inayo juu yako uweze kuiona na kuikagua. Hata Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kufikia data yako na kusahihisha iliyo na makosa. Ajabu ni kwamba hatuitumii kama kipimo, wakati ni kipimo rahisi kuliko vyote: msomee mtu, muulize kama ni yeye.

Nikamsomea. "Mwanamume. Miaka 18 hadi 24. Anapenda kandanda. Hununua usiku."

Alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Akamwita jirani wa cherehani ya pili aje asikie. "Huyo ni mwanangu," akasema alipopata pumzi. "Akitoka chuo anachukua simu yangu analala nayo. Anatazama viatu tu, hana pesa." Mchana simu ni ya zipu, usiku ni ya viatu, na usiku una saa nyingi za kutazama. Mfumo haukukosea kuhesabu. Ulidhani simu moja ni mtu mmoja, dhana ambayo yeyote aliyewahi kuishi katika nyumba yenye simu moja nzuri angeikataa kabla ya chai kupoa.

Wale wanane wa picha za skrini nao niliwasomea za kwao, na watano walisema aliyeelezwa si wao, au ni wao nusu. Watu wanane ni wachache, najua, sijengi nadharia juu yao. Niliandika ripoti, matabaka mawili kando kando: kumsoma mteja, mbaya, kupanga ukurasa kutokana na kilichosomwa, si mbaya. Nikapendekeza waweke mahali pa kusema "mimi ni nani leo", na vitu vinavyonunuliwa kila wiki visihamishwe kamwe. Nikalipwa, nikashukuriwa kwa barua pepe, na nasikia chati ya mibofyo ndiyo iliyokwenda kwa wakubwa.

Mwezi uliopita nilimpitia yule mama anipunguzie suruali. Zipu bado anaagiza palepale. Siku hizi anaingia bila akaunti, anaandika anwani upya kila mara, kwa sababu bila akaunti vitu hukaa mahali pake. Nilimuuliza kijana mmoja wa kule ndani akaunti ya mama inaonekanaje kwao sasa. Akaniambia imo kwenye orodha ya wateja walioacha kununua, na kwamba kila Ijumaa inatumiwa ofa ya viatu.