Rangi ya Njano Imekwisha

Jamani, mimi nilitaka ukurasa mmoja tu. Herufi nyeusi, karatasi nyeupe, bila picha, bila ua, bila bendera. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi hadi nusu, ikaitema, kisha ikaniandikia kwenye kioo chake kisichozidi ukubwa wa kidole gumba: "Wino wa njano umekwisha. Badilisha ili uendelee."

Nikasoma. Nikavaa miwani, nikasoma tena. Hiyo barua ina unjano gani? Hata ninayemwandikia hana unjano wowote. Nikabonyeza kitufe cha kuendelea, ikasema haiwezekani. Nikaona basi, kama kuchapa kumeshindikana, walau iniskanie kitambulisho, maana kuskani hakuhitaji wino, ni jicho na taa. Ikakataa na hilo. Kaishiwa njano, na macho nayo kayafumba.

Mimi ni mtu mzima, nina heshima zangu, sigombani na vyombo. Nikavuta kiti, nikaketi mbele yake, nikaiambia kwa utulivu, vile unavyosema na mtoto wa watu: "Hebu tuelewane." Ikawasha taa nyekundu.

Laiti ningeishia hapo. Mimi nikafuata maelekezo, na maelekezo yakanituma kwenye tovuti yao nikapakue programu mpya. Kabla sijaona chochote, kidirisha kikaniziba njia: "Tunatumia vidakuzi ili kukuhudumia vizuri zaidi." Ni vifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kompyuta yako ili ikukumbuke. Hili neno nalo! Aliyelitunga sijui alikuwa anatania au alidhamiria, kwa sababu Kiswahili nilichokulia mimi, mdakuzi ni mtu wa kuchungulia mambo ya wenzake akayapeleka barazani. Wenye Kiingereza wameviita biskuti, 'cookies', ili uvipokee unatabasamu. Sisi tumetamka ukweli, na bado tunavipokea. Nilivikubali vyote, maana kitufe cha kukubali kilikuwa kipana, cha buluu, kinang'aa, na cha kukataa kilikuwa cha kijivu, kimejibanza pembeni kama mtoto aliyepewa adhabu.

Programu yenyewe ilikuwa na megabaiti mia tatu na ushee. Ya printa hiyo! Kompyuta iliyokuwa ndani ya Apollo 11 mwaka 1969 ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 4 hivi, na ile ya kudumu kama kilobaiti 72, na kilobaiti kama elfu moja ndiyo megabaiti moja. Watu wakaenda nayo mwezini, wakatua, wakaokota mawe, wakarudi wazima. Mimi nahitaji maelfu ya kompyuta kama hiyo ili ninyimwe ukurasa mmoja. Bando likakata programu ikiwa asilimia 91. Nikanunua lingine. Msiniulize hela nilitoa wapi.

Ikashuka. Nikaifungua. Ikasema: fungua akaunti.

Akaunti ya nini? Printa iko mezani kwangu, nimeinunua, naifuta vumbi, nikinyoosha mkono naigusa. Lakini ili tuongee lazima kwanza tutambulishwe na mtu wa tatu aliye ng'ambo. Haya. Nikaandika jina. Nikaandika nywila, ikajibu "dhaifu". Nikaongeza herufi kubwa, dhaifu. Nikaongeza tarakimu, dhaifu. Nikaongeza alama ya mshangao kwa sababu kweli nilikuwa nashangaa, ikasema ya wastani. Kuna mzee huko Marekani, Bill Burr, ndiye aliyeandika mwongozo wa mwaka 2003 uliotuletea hizi alama na tabia ya kubadilisha nywila kila baada ya muda. Mwaka 2017 alijitokeza akasema anayajutia mengi kati ya aliyoyaandika. Mimi nimemsamehe. Printa haijapata taarifa.

Kisha nikaambiwa nithibitishe kwamba mimi si roboti, yaani mashine ndiyo inanishuku kuwa mashine. Nikachagua picha zenye taa za barabarani. Je, nguzo nayo ni taa? Nilifeli mara mbili, na nawaambia ukweli, mara ya pili nilianza kujitilia shaka.

Ndipo yakaja yenyewe: vigezo na masharti.

Kwa kawaida mimi ni mtu wa "Nakubali". Na wewe pia, usinitazame hivyo. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipiga hesabu wakakuta kwamba Mmarekani wa kawaida akitaka kusoma sera za faragha za tovuti zote anazopita, zitamla kama saa 200 kwa mwaka. Hapo hujalala, hujaoga. Na mwaka 2010, siku ya wajinga, duka moja la michezo ya kompyuta huko Uingereza lilichomeka kwenye masharti yake kifungu kwamba mnunuzi anawapa roho yake. Watu 7,500 hivi wakabonyeza wakakubali. Duka likasema baadaye kwamba halitazidai hizo roho, lakini kumbuka ni wao waliosamehe, si wale waliosoma.

Leo nikaapa: nasoma. Wino sina, programu imenigharimu, angalau nipate cha kusoma. Nikachukua kalamu na daftari, nikaketi wima kama wakili.

Kifungu cha kwanza kilikuwa salamu. Cha pili kikasema programu hii "haiuzwi, bali unapewa leseni ya kuitumia". Nikaandika daftarini: sikununua. Cha tatu: nisiifungue, nisiichungulie ndani, nisiivunjevunje kujua inavyofanya kazi. Nikaandika: haifanyi kazi, kwa hiyo hakuna cha kujua. Kuna kingine kinasema programu inatolewa "kama ilivyo". Hapo nikaweka kalamu chini nikacheka peke yangu, maana ilivyo nimeshaiona. Kikafuata kwamba hawawajibiki kwa hasara ya aina yoyote, ya moja kwa moja au ya kuzunguka, hata kama waliambiwa mapema kwamba hasara hiyo yaweza kutokea. Yaani hata ukiwapigia ukawaonya! Na cha mwisho nilichofikia: wanaweza kuyabadilisha masharti haya wakati wowote, na nikiendelea kutumia, nimekubali.

Sasa hebu nisaidieni. Mwenye nyumba akikuambia kodi ataibadilisha atakavyo, dirisha usifungue, paa likivuja shauri yako, na kuendelea kulala humo ndiyo saini yako, utamwita nani? Lakini huyo angalau hasemi umenunua nyumba. Mimi risiti yangu imeandikwa "mauzo". Nimekuwa mpangaji wa meza yangu mwenyewe.

Nikampigia mpwa wangu anayesomea mambo haya.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Njano imekwisha."

Kimya kidogo. "Njano gani tena, mjomba?"

Nikamweleza. Badala ya kunipa pole akafurahi, maana vijana hawa wana dini yao na mimi nilikuwa nimejipeleka mlangoni. Akanipa kisa cha Richard Stallman. Miaka ya 1980 inaanza, kule maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT huko Marekani alikokuwa akitunga programu, walikuwa na printa ya leza waliyopewa na kampuni ya Xerox. Ilikuwa inakwama karatasi, na watu wako ghorofa nyingine hawajui, wanasubiri kurasa zisizokuja. Ile ya zamani Stallman alikuwa ameirekebisha programu yake iwaarifu watu ikikwama. Hii mpya akataka kufanya hivyo hivyo, ila msimbo wa programu, yaani maandishi yake ambayo mtu huyasoma na kuyarekebisha, hakuwa nao. Akamfuata mtu aliyekuwa nao, yule akamwambia samahani, nimeahidi nisimpe mtu. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, programu ambazo kila mtu aruhusiwe kuzifungua, kuzirekebisha na kuwagawia wengine, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL ya kuzilinda.

Nilisimama kutoka kitini. Kumbe printa! Mwenzangu alinyanyaswa na printa! Tofauti ni kwamba yeye akaanzisha harakati za dunia nzima, mimi nikapigia mpwa.

"Na mjomba," akasema, "Waingereza wanahangaika na neno lao. 'Free' kwao ni huru na pia ni bure, inabidi kila mara wafafanue. Sisi tuna maneno mawili."

Hilo lilinikuna. Huru ni huru, bure ni bure, hata mtoto hachanganyi. Sisi tuna maneno yote mawili, tulichokosa ni vitu vyenyewe.

Akaanza kunishawishi nihamie Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ulio huru kwa leseni hiyo hiyo. Nikamuuliza kompyuta yake imeanza kutoa sauti? Akasema bado kidogo. Ina mwaka wa pili huo. Nikamuuliza na hawa watu wa uhuru, wao wanaelewana? Akakohoa. Kumbe GPL toleo la tatu lilipotoka mwaka 2007, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, na wenzake wakabaki na toleo la pili, na mabishano yakawa makubwa. Basi nikapata faraja. Binadamu hata ukimfungulia mlango atagombania bawaba.

"Niambie kuhusu njano," nikasema.

Akasema printa hizi za kurusha wino zina vitundu vyembamba kuliko unywele, na wino ukikaukia humo vinaziba, kwa hiyo kila baada ya muda inavisafisha kwa kupitisha wino wa rangi zote. Tena nyingine huchanganya rangi kidogo hata kwenye nyeusi.

"Yaani inaoga kwa wino wangu?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kila ikiamka?"

"Mara nyingi, ndiyo."

Mimi mwenyewe kuna siku za baridi... tuyaache hayo.

Hamjaniuliza barua ni ya nini. Kuna huduma moja ya kutunza picha mawinguni, sitaitaja, nilijiunga nayo kwa kidole gumba, nimelala chali, hata miwani sikuvaa. Sasa nataka kutoka. Wakaniletea barua, karatasi nzito, nembo ya rangi juu: ili usitishe, tuma ombi la maandishi lililochapwa, lenye saini, pamoja na nakala ya kitambulisho. Kuingia kidole, kutoka mafaili! Na hilo wingu lenyewe mpwa anasema si wingu, ni majengo yamejaa kompyuta za watu wengine zinapulizwa feni. Picha zangu za ujana, zile za suruali pana, ziko kwenye jengo la watu na mimi ndiye ninayeomba ruhusa.

"Ila mjomba," mpwa akasema, "njano usiidharau." Eti printa nyingi za leza za rangi huchapa vidoti vya njano kwenye kila ukurasa, vidogo kiasi kwamba macho hayavioni, na hakuna anayekuambia. Mwaka 2005 watu wa Electronic Frontier Foundation, shirika la Marekani linalotetea haki za watu mtandaoni, walivifumbua vidoti vya modeli moja ya mashine, wakakuta vinataja namba ya mashine pamoja na tarehe na saa ya kuchapa.

"Na hii yangu?"

"Yako si ya leza, mjomba. Nilikuwa nakupa habari tu."

Nikakata simu bila kuaga, Mungu anisamehe. Nikaitazama ile barua yao. Karatasi nzito. Nembo ya rangi. Hiyo ni leza, na kama si leza basi mimi sijui kitu.

Mpwa alisema vinaonekana vizuri kwenye mwanga wa buluu na kioo cha kukuzia. Nimepata kifuniko cha buluu cha ndoo ya plastiki, kinapitisha mwanga kidogo, nimekishikilia mbele ya tochi ya simu kwa mkono wa kushoto. Kioo cha kukuzia nimekishika kwa mkono wa kulia. Barua nimeilaza juu ya printa, taa yake nyekundu bado inawaka, iwake tu. Pembeni kulia, chini ya nembo, kuna kitu. Kuna vidoti, au ni miwani ina uchafu. Hapana, ni vidoti. Kumi na nne, kumi na tano... asinisemeshe mtu... kumi na sita...