Waya Hausukumi, Jamani

Nimeletewa modeli ya kompyuta ya mnara wa simu niipitie. Mnara mwembamba, nyaya tatu za kuushikilia kila ngazi, zimeachana nyuzi 120. Skrini nzima kijani, yaani kila kipande kimefaulu. Nikafungua jedwali la nguvu: nyaya za upande unakoelekea upepo zina alama ya kutoa. Yaani zinausukuma mnara usianguke! Waya ule ule tunaoukunja na kuutupa kwenye buti la gari, leo umekuwa nguzo.

Kompyuta haina kosa. Imeambiwa hiki ni kipande cha chuma, imetii. Ubaya uko kwenye hesabu inayofuata. Upepo ukija kutoka upande wa waya mmoja, modeli ya vyuma vya kawaida inaupa waya huo theluthi mbili tu ya mzigo wa ngazi ile. Theluthi inayobaki inabebwa na zile mbili za nyuma, kwa kusukuma. Zikilegea, waya wa mbele unabaki na mzigo wote: mara moja na nusu ya kilichoandikwa kwenye ripoti. Na nanga yake, na boliti zake, na zege lililomwagwa chini, vyote vimepimwa kwa namba ile ndogo. Lakini si kijani? Fungeni faili.

Haya, wapo watakaosema nyaya za mnara hufungwa zikiwa zimekazwa, karibu 10% ya nguvu ya kuzikata, kwa hiyo za nyuma hupungua mvuto tu. Nakubali, kwa shingo upande. Hata nyaya za Daraja la Nyerere pale Kigamboni, zinazovutwa muda wote na uzito wa daraja lenyewe, unaweza kuzichukua kama vyuma vya kawaida ukapunguza ugumu wake kwa kanuni ya Ernst ya 1965, inayohesabu waya unavyoning'inia kwa uzito wake. Ila mkazo huo uwemo kwenye modeli basi! Huyu mwenzetu hakuuweka popote.

Kuna na wale waliosikia habari za "mvuto tu", yaani kuiambia programu waya uvute bila kusukuma, wakabonyeza kitufe, kisha wakachambua uzito peke yake, mkazo peke yake, upepo peke yake, mwisho wakajumlisha. Unajumlisha nini sasa? Ugumu wa waya unategemea mvuto uliomo. Upepo uanzie pale uzito na mkazo vilipoishia, ndani ya uchambuzi mmoja.

Kuhusu vipande vinavyoelekezwa kwenye modeli sina mengi. Waya ni duara, uzungushe utakavyo. Nguzo ya IPE 300, chuma chenye umbo la I, si duara: ukinzani wa umbo lake dhidi ya kupinda kwenye mhimili mmoja ni 8,360 cm⁴, wa pili 604. SAP2000, programu ya kuchambua majengo, huielekeza nguzo ya wima mhimili wake wa 2 (upande wake mgumu kupinda) kwenye X bila kukuuliza, na upepo wako mkubwa unavuma Y. Washa picha ya umbo halisi uone nguzo imesimamaje. Ni kitufe kimoja, na kukibonyeza ni rahisi kuliko kumpandisha fundi akachomelee bati juu kule.