Mzee alistaafu na ramani kichwani

Bomba kubwa lilipasuka karibu na soko saa mbili usiku. Nilikuwa na miezi michache tu kazini, katika mamlaka ya maji ya mji ambao sitautaja. Maji yanaruka juu ya mapaa ya vibanda, wauza mitumba wanaokoa marobota yao kwenye tope, na sisi watu saba tunahangaika na tochi za simu kutafuta valvu ya kufungia. Michoro ilikuwepo ofisini, lakini ilichorwa kabla barabara haijapanuliwa. Hatimaye dereva ndiye aliyesema, "Jamani, si mumpigie mzee?"

Mzee alikuwa amestaafu miezi minne nyuma, baada ya kutimiza miaka 60. Akapokea simu akiwa kijijini kwake. "Mko upande wa msikiti au wa mashine ya kusaga?" Tukamwambia. "Haya, simameni kwenye mwembe, hesabuni hatua kumi na mbili kuelekea mtaroni, chimbeni hapo." Mwembe wenyewe ulishakatwa. Tulipapasa mpaka tukapata kisiki, tukahesabu, tukachimba, na saa tano usiku koleo likagonga mfuniko wa chemba.

Asubuhi bosi akaitisha kikao na kuwaka: inakuwaje mafundi wazima hamjui valvu ilipo? Wote tukatazama meza. Hakuna aliyethubutu kuuliza swali lililokuwa kooni mwa kila mtu. Tulimuaga mzee kwa pilau, soda na mabati, zikatolewa hotuba za kumsifia miaka yake yote ya utumishi, lakini nani alimwomba atutembeze mjini hata wiki moja kabla hajaondoka?

Watu husema mafundi wa zamani ni wachoyo wa ujuzi. Mimi naona tunawaonea. Mzee yule alipita mikononi mwa mabosi wengi, na kila yalipoanza maneno ya kupunguza watu, yeye hakuguswa, kwa sababu bila yeye mji ungekauka. Ramani ile ya kichwani ndiyo iliyomlinda. Ungekuwa wewe, ungeigawa bure kwa vijana wenye stashahada ambao kesho wangeambiwa wakae kwenye kiti chako? Kiongozi anayelalamika kwamba watu wake hawafundishani, na atazame kwanza yule anayefundisha anapata nini, na anapoteza nini.

Dawa tuliyoizoea maofisini ni semina. Mtu anapelekwa Morogoro siku tano, anarudi na begi jipya na cheti, anaandika mrejesho wa kurasa mbili, faili linaingia masijala na habari inaishia hapo. Tena mara nyingi anayekwenda ni yule ambaye ni zamu yake kupata posho. Mwenye kazi yenyewe anabaki kituoni. Nami nimekwenda, kwenye mafunzo ya dira za maji, wakati kwenye kazi yangu dira sizigusi. Posho ilinimalizia ada ya mtoto, kwa hiyo sijifanyi mtakatifu.

Tanzania yetu hii iliwahi kufanya vizuri zaidi ikiwa na vifaa duni zaidi. Mwaka 1973 ilipoanza kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 waliingia kwenye vikundi vya kujisomea. Kikundi kilikuwa na redio, vitabu, na kiongozi aliyepewa mafunzo ya kuendesha mazungumzo. Mnasikiliza kipindi, mnasoma, mnajadiliana, kisha mnatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Rais wa wakati huo alikuwa mwalimu wa darasani kabla ya siasa, na mkono wa mwalimu ulionekana. Sisemi kila choo kilidumu. Ninachokipenda ni kwamba somo lilikuwa na jembe mwishoni, tofauti na semina zetu ambazo mwishoni mwake kuna picha ya pamoja.

Bosi wetu aliyefuata alikuwa mama mmoja, mhandisi. Wiki ya kwanza alikwenda kituo cha pampu na daftari, akamwambia fundi, "Hii mashine yenu siijui, nieleze taratibu." Fundi alidhani anategwa. Akajibu kwa maneno mawili matatu, akanyamaza. Mama akarudi kesho yake na daftari lilelile.

Kisha akamtafuta mzee kule kijijini, akamlipa kama kibarua kwa wiki mbili. Kila asubuhi mzee alitembea na vijana wawili: mmoja anachora, mwingine anapiga alama ya rangi ya bluu ukutani kila walipokuta valvu. Baada ya hapo kila Ijumaa ikawa zamu ya fundi mwingine kuonyesha anachokijua. Kuna jambo dogo ambalo kwangu ndilo lililobadilisha mambo: kwenye kona ya kila mchoro liliandikwa jina la fundi aliyeuonyesha. Nimemwona mtu mzima akiupiga picha mchoro wenye jina lake ili akamwonyeshe mkewe.

Siku moja mama huyo aliagiza tufunge laini, kumbe siyo, hospitali ikakosa maji nusu siku. Kwenye kikao alisimama, "Nilikosea mimi. Sikumuuliza fundi wa zamu." Wiki iliyofuata kijana mmoja akakiri kwamba valvu iliyovunjika mwezi uliopita aliivunja yeye, kwa kuizungusha kinyume. Tulikuwa tumemsingizia mkandarasi.

Baada ya miaka miwili alihamishwa. Aliyekuja amesimamisha safari za Ijumaa kubana matumizi ya mafuta. Ni pikipiki mbili, lita tano kwa wiki, nimepiga hesabu mwenyewe. Michoro bado imebandikwa korido, rangi ya bluu mitaani imeanza kupauka. Na kwenye orodha ya watakaostaafu Juni yumo fundi wa pampu, yule aliyedhani anategwa. Zamu yake ya Ijumaa ilikuwa bado haijafika.