Njia ya Majabalini ya Hermanus Isikatwe

Ukitoka Cape Town kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilomita 120 hivi, unafika Hermanus, mji mdogo uliobanwa kati ya milima na Ghuba ya Walker, ambao nyuma yake kuna bonde la mashamba ya mizabibu liitwalo Hemel-en-Aarde, yaani Mbingu na Ardhi. Tangu nihamie Cape Town kutoka Tanga, nimekwenda huko mara nyingi kuliko mji mwingine wowote wa jimbo hili la Rasi ya Magharibi. Wenzangu hunishangaa, kwa kuwa mimi sinywi mvinyo, nao wanaamini kwamba asiyekunywa hana la kufanya katika mji wa namna hiyo. Jibu langu ni kwamba starehe kubwa kuliko zote pale haiuzwi wala haina tiketi, nayo ni njia ya miguu inayopita juu ya majabali ya pwani.

Njia hiyo ina urefu wa kilomita 12 hivi. Inaanzia Bandari Mpya upande wa magharibi, inapita katikati ya mji kwenye Bandari ya Zamani, ambako mashua za wavuvi wa kale zimewekwa juu nchi kavu, kisha inaendelea hadi ufuko wa Grotto, karibu na mlango wa mto Klein. Kwa sehemu kubwa upana wake ni wa kuwatosha watu wawili kupishana bila kugusana mabega. Upande mmoja kuna vichaka vya fainbosi, mimea ya asili ya Rasi, ambavyo majani yake ukiyafikicha mkononi hutoa harufu kali kama ya dawa. Upande wa pili bahari inapiga miamba chini yako. Pimbi hulala juu ya mawe wakiota jua la asubuhi, na wameshazoea watu kiasi kwamba hawanyanyuki hata ukipita hatua mbili kutoka walipo.

Kuanzia Juni hadi Novemba hivi, nyangumi wa kusini huja kutoka bahari ya baridi kuzaa na kulea ndama zao ndani ya ghuba. Wanasogea karibu sana na nchi kavu, kiasi kwamba mtu hahitaji boti wala darubini. Asubuhi moja ya Oktoba nilikuwa nimeketi kwenye benchi la mbao na binti yangu wa miaka saba, ukungu bado haujainuka, tukasikia mlio kama wa mtu aliyefungua ghafla valvu ya tairi la lori. Ilikuwa pumzi. Baada ya muda tukaona mgongo mweusi usio na pezi, na pembeni yake mgongo mwingine mdogo. Hatukupiga picha hata moja. Tulikaa pale hadi jua likatuchoma, na binti yangu akahesabu pumzi hadi akachoka.

Mwaka 1992 mji huu ulimweka mtu maalumu wa kuwatangazia watu nyangumi wanapoonekana. Wa kwanza alikuwa Pieter Claasen, naye alipuliza baragumu lililotengenezwa kwa shina kavu la mwani mkubwa wa bahari hiyo. Sisi tuliokua tukisikia kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo tunaielewa kazi hii mara moja. Ninachoipendea ni kwamba mbiu haichagui sikio. Mtalii aliyelala katika hoteli ya ghali anaisikia, na mfagiaji wa barabara naye anaisikia.

Bondeni nako si pa kupuuzwa. Tim Hamilton Russell alinunua shamba mwaka 1975 akiamini kwamba ubaridi wa upepo wa baharini ungeifaa zabibu ya Pinot Noir, ambayo ina ganda jembamba na haipendi joto kali, na leo bonde hilo linajulikana dunia nzima kwa aina hiyo na kwa Chardonnay. Kwa asiyekunywa, bado kuna safu za mizabibu zinazopanda vilima, na mlima uliotulia nyuma yake. Lakini huko utaingia kwa gari, na mara nyingi kwa pesa. Nyuma ya mji ipo pia Hifadhi ya Fernkloof, iliyoanzishwa mwaka 1957, yenye njia nyingi za kupanda mlima.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Ukitembea njia ya majabalini kutoka mjini kuelekea mashariki, unafika mahali panapoitwa Poole's Bay, na hapo njia inakuacha. Unatolewa pwani na kupandishwa hadi barabara kuu, unatembea kando ya magari huku bahari ikiwa imefichwa nyuma ya kuta na bustani za nyumba za watu, kisha mbele kidogo unarudishwa baharini. Sababu ni kwamba milki za watu binafsi pale zimeteremka hadi pwani. Ugomvi wa kuunganisha kipande hicho umedumu miaka mingi, na wapo wakazi wa mji huo huo waliojitoa kuupigania.

Ninaelewa kwamba mwenye nyumba ana haki ya faragha, na kwamba hakuna anayefurahia wageni kupita chini ya dirisha lake. Hata hivyo, Afrika Kusini ina sheria ya mwaka 2008 ya usimamizi wa pwani, inayosema kwamba mali ya umma ya pwani ni ya wananchi wote na Serikali inaishika kama amana kwa niaba yao. Amana hailindwi kwa kumwambia mtu azunguke barabarani. Sehemu nyingine nyingi za njia hiyo zinapita mbele ya nyumba za watu, tena nyumba nzuri, na sijaona iliyoharibika kwa sababu hiyo.

Jambo hili lina uzito zaidi katika nchi ile kuliko kwingine. Sheria ya mwaka 1953 iliruhusu fukwe na mabenchi kugawanywa kwa rangi za watu, nayo haikufutwa hadi mwaka 1990. Wapo wazee katika mitaa ya Zwelihle na Mount Pleasant, hapo hapo Hermanus, ambao ujana wao wote uliishia kabla hawajaruhusiwa kuketi ufukweni watakapo. Zwelihle kwa Kixhosa ni nchi nzuri. Ni mtaa uliobanana, na mwaka 2018 wakazi wake waliandamana kwa hasira wakidai ardhi na makazi. Njia ya miguu haimjengei mtu nyumba, nami sitaki kuikuza kupita kiasi. Lakini kwa familia isiyo na gari wala pesa ya kula mgahawani, Jumapili yao ni pwani ile.

Kuna kisa wenyeji hupenda kukisimulia. Hermanus ina jengo la stesheni, lakini reli haikuwahi kufika. Inasemwa kwamba Sir William Hoy, aliyekuwa mkuu wa shirika la reli, alipenda sana kuvua samaki pale na hakutaka kijiji kiharibiwe na umati, basi akaizuia. Kaburi lake lipo juu ya kilima kinachoitwa kwa jina lake, ndani ya mji. Husimuliwa kama kisa cha mtu aliyeuokoa mji, na kweli utulivu wake ni mtamu. Mimi kila nikikisikia huwafikiria wale ambao wangefika kwa treni kwa nauli ndogo wakarudi jioni, na hawakufika.

Nimetoka pwani, kwa hiyo siandiki haya kama mgeni wa mambo ya bahari. Kwetu Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, na bado nimetembea fukwe ambako ukuta wa hoteli umeingia majini, ukasubiri maji yapwe ndipo upite. Tunayoyavumilia kwetu sipendi kuyaona yakivumiliwa Hermanus, mji ambao umekwisha kutengeneza sehemu kubwa ya njia hiyo kwa uangalifu mkubwa.

Ombi langu kwa manispaa na kwa wenye nyumba wa Poole's Bay ni dogo: daraja jembamba la mbao juu ya miamba, lenye ukingo, litakalofungwa usiku ikibidi. Mwezi uliopita nilipopita pale na binti yangu ilitubidi tushikane mikono kwa sababu ya magari, naye aliniuliza nyangumi wako upande gani. Nilimwonyesha ukuta.