Usimsubiri Kwenye Utepe

Familia nyingi zikienda kumshangilia ndugu yao kwenye marathoni hukimbilia kwenye utepe. Ndiko kwenye picha, medali na machozi ya furaha. Lakini mimi naamini hapo ndipo anapotuhitaji kidogo kuliko mahali pengine popote. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195, na aliyezimaliza hizo 42 ni nadra ashindwe na mita 195. Utepe wenyewe unamvuta.

Pa kusimama ni baada ya kilomita ya 30. Akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini kwa wengi huanza kuwaishia kati ya hapo na kilomita ya 35. Miguu inakuwa mizito ghafla, na kichwani inaingia sauti ya kumwambia akae pembeni. Mara nyingi ndipo na barabara inapokuwa kimya, kwa sababu washangiliaji walibaki walikoanzia na wengine wameshawahi nafasi kule mwisho.

Dada yangu alipokimbia, mimi na mama tulisimama karibu na bango la kilomita ya 33. Alitokea peke yake, chumvi ya jasho imemkaukia kwenye paji la uso, mabega yamepanda hadi karibu na masikio, namba ya kifuani inaning'inia kwa pini mbili. Anatazama chini. Mama akamwita kwa jina la utotoni, lile ambalo halitumiki nje ya nyumba yetu. Akainua uso. Hakutabasamu, wala hakuwa na pumzi ya kujibu, ila mabega yalishuka na mikono ikaanza tena kwenda na miguu. Akapita. Tulikuwa tumemngoja muda mrefu juani kwa ajili ya sekunde chache hizo, na mama alisema angengoja mara mbili ya hapo.

Kwa hiyo mwite kwa jina, na umwite kabla hajakufikia. Mkubaliane mapema utakuwa upande gani wa barabara, kulia au kushoto, maana mtu aliyechoka hawezi kuchambua umati. Halafu usimwambie "umefika" wakati bado ana kilomita tisa. Kwa mkimbiaji wa kawaida hiyo inaweza kuwa saa nzima au zaidi, na yeye anaijua hesabu hiyo kuliko wewe. Mwambie unachokiona: hatua zako ziko sawa, legeza mikono, nimekuona. Habari za muda wake muachie saa yake.

Najua hamu ya kuruka kamba ukimbie naye kidogo. Ujizuie. Kanuni za mbio haziruhusu mtu asiyeshiriki kumwongoza mkimbiaji. Eliud Kipchoge alikimbia umbali huo kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019, na muda ule haukuhesabiwa kuwa rekodi ya dunia, mojawapo ya sababu ikiwa wale wasaidizi waliokuwa wakipokezana kumwongoza. Ndugu yako pengine hatafuti rekodi, lakini anastahili kumaliza mbio ambazo ni zake kabisa. Vinywaji navyo achukue kwenye meza za waandaaji.

Kama mko wengi, gawaneni. Mmoja atangulie mwisho na nguo kavu, kwa sababu mwili uliolowa jasho hupoa upesi ukishasimama, na atembee naye taratibu badala ya kumketisha papo hapo. Wengine mbaki palepale barabarani hata baada ya wa kwenu kupita. Wanaofuata nyuma ndio watakaokaa njiani kwa saa nyingi zaidi, na wengi wao hawana ndugu aliyesimama kuwangoja. Kwenye mbio nyingi jina huchapishwa juu ya namba, kwa hiyo lisomeni, muite kwa sauti.