Clara Wieck: penzi lilimkomboa au lilimbana?

Kisa cha Clara Wieck, mpiga piano na mtunzi Mjerumani wa karne ya 19, na mtunzi mwenzake Robert Schumann kimezoeleka kusimuliwa hivi: binti kapenda, baba katili kakataa, mahakama ikaamua, harusi ikafungwa. Siku hizi wamezuka wasimulizi wa upande wa pili. Wao wanadai baba aliona mbali, na kwamba ndoa ndiyo iliyommaliza Clara mtunzi. Hakuna upande unaobahatisha tu; kila mmoja una hoja zake.

Tuanze na mzee. Friedrich Wieck, mwalimu wa piano mjini Leipzig, ndiye aliyemnoa Clara hata akapanda jukwaa la Gewandhaus, ukumbi wa muziki wa mji huo, akiwa na miaka 9. Sifa hiyo hanyimwi. Lakini shajara ya utotoni ya Clara iliandikwa na baba huyohuyo, tena kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba mtoto ndiye anayesema. Humo "mimi" anakiri kuwa ni mvivu, mzembe na mkaidi. Anaeleza jinsi baba alivyozichana karatasi za muziki mbele ya macho yake kwa sababu ameupiga vibaya, akamwachia mazoezi makavu tu ya vidole. Mtoto anajishtaki kwa kalamu ya anayemshtaki. Kwangu mimi, ukurasa huo una uzito kuliko barua zote za mapenzi zilizofuata.

Robert aliingia nyumbani humo mwaka 1830, mwanafunzi na mpangaji wa miaka 20, Clara akiwa na miaka 11. Busu la kwanza lilikuja Novemba 1835, wiki chache baada ya Clara kutimiza miaka 16, mwezi uleule alipopiga konseto (muziki wa piano na okestra) aliyoitunga mwenyewe, huku mtunzi Mendelssohn akiongoza okestra. Baba alipogundua alimpeleka Dresden na kuwapiga marufuku kuonana. Posa ya mwaka 1837 nayo ikagonga mwamba.

Hapa namwelewa mzee. Kijana alikuwa na kidole kilichoharibika, kwa hiyo upigaji piano wa kulipwa alishausahau. Kipato chake kilikuwa cha kuungaunga, pombe aliipenda, na alikuwa ametoka kuvunja uchumba na mwanafunzi mwingine wa Wieck. Mzazi gani asingesita? Tatizo ni kwamba hakuishia kusita. Mwaka 1839 alitoa masharti: wawili hao wasiishi Saxony, dola yenye mji wa Leipzig, wakati wa uhai wake, na fedha alizochuma Clara kwa vidole vyake abaki nazo baba kwa miaka mitano. Hapo mlezi kageuka mwenye mali.

Mwaka huohuo Clara alikuwa Paris, bila baba kwa mara ya kwanza katika ziara kubwa. Akiwa na miaka 19 alijipangia maonyesho, akafundisha, akajilipia maisha. Wanaosema penzi lilimkomboa wangefanya vizuri kukazia miezi hii badala ya kukimbilia harusi, maana Robert hakuwepo. Penzi lilimpa sababu ya kusimama. Kusimama kwenyewe alisimama peke yake. Mahakama iliwaruhusu Agosti 1840, wakaoana Septemba 12, siku moja kabla hajatimiza miaka 21.

Upande wa pili una silaha mbili. Ya kwanza ni yale maneno maarufu ya Clara kwamba aliwahi kujidhania ana kipaji cha kutunga, ila ameacha wazo hilo, kwani mwanamke hapaswi kutamani kutunga. Silaha hii haina makali inavyodhaniwa: aliyaandika Novemba 1839, kabla ya ndoa. Ya pili ndiyo nzito. Katika shajara waliyoandika kwa zamu baada ya harusi, Clara analalamika kwamba Robert akitunga, piano yake yeye inawekwa nyuma kabisa, wala hapatikani kwake hata kasaa kamoja mchana kutwa. Kuta zilikuwa nyembamba na sauti ya piano ilimvuruga mume. Mwaka huo wa ndoa Robert alitunga nyimbo zaidi ya 100. Juu ya hayo, Clara alizaa watoto wanane.

Ila baadaye, huko Düsseldorf, walihamia nyumba ambayo Clara aliweza kufanya mazoezi bila kumsumbua Robert. Kiangazi cha mwaka 1853 akatunga mfululizo: muziki wa piano unaoigeuzageuza mada ya mumewe, romansi (vipande vifupi vya hisia), nyimbo. Mume alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni chumba. Ndiyo maana siridhiki na mjadala wa "baba au mume": unapima mioyo ya watu na kusahau mlango unaofungika.

Hata hivyo hoja yangu nayo ina kikwazo. Robert alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1854, akafariki mwaka 1856. Clara, mjane mwenye watoto saba hai, sasa alikuwa na kimya chote alichokihitaji, na karibu aache kabisa kutunga. Kulikuwa na ada za shule na kodi ya nyumba, na kilicholipa ni jukwaa. Alipiga hadharani hadi mwaka 1891. Alipoitwa kufundisha katika konsevatori (chuo cha muziki) ya Hoch mjini Frankfurt mwaka 1878, masharti aliyatoa yeye: afundishie nyumbani kwake, saa chache kwa siku, na ruhusa ya kusafiri kwa maonyesho. Wakakubali.